Muso yetu ilikwenda Tshibati: njia, maji na hesabu ya pesa

Tangu turudi, sokoni Kadutu, hapa Bukavu, ninaulizwa swali moja tu: mama mwenye magoti mabovu anafika? Anafika. Mwenyekiti wetu ana magoti yanayotangaza mvua kabla ya wingu kuonekana, na alifika kwenye maporomoko ya maji ya Tshibati, akakaa juu ya jiwe, akala sambaza zake, wale samaki wadogo wa ziwani, akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Aliyetaka kujua hilo tu aishie hapa, akatafute viatu vyenye soli ya meno.

Wengine mnaotaka kujua pesa zilikwenda wapi, kaeni. Mimi ni mtunza hazina wa muso ya akina mama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, kazi yangu ni kuuza vitenge, na kitu ambacho sijakihesabu huwa sikisifu.

Muso zetu mnazijua. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la misiba na magonjwa, la bluu ni la pesa zinazotoka nje. Siku wazo la matembezi lilipotolewa, mmoja wetu akasema tuchukue kwenye jekundu, maana uchovu nao ni ugonjwa. Tulicheka sana, halafu nikafunga sanduku na ufunguo nikautia kifuani. Tukakubaliana kila mama achange pembeni, kidogo kidogo baada ya kikao, mpaka zitoshe. Ilichukua muda, na wawili walinung'unika njia nzima, lakini hakuna aliyekopa ili kwenda kuangalia maji. Kwaya na vikundi vya parokia mnaopanga kwenda, anzeni na hilo kabla ya kuulizana mtavaa nini.

Sasa kwa nini Tshibati. Ukimtajia mtu wa Bukavu parke ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa yenye maporomoko haya, anamwona mzungu mwenye kamera mbele ya gorila dume anayetafuna majani. Kwamba mama wa Kadutu naye anaweza kuingia mle, wazo hilo halimjii. Na gorila kweli ni kitu kikubwa. Hawa wa kwetu ndio wakubwa kuliko gorila wote, na hawaishi nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Lakini kibali chao ni cha bei, mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuwaona, na hujui asubuhi watakuwa wamelala bonde gani, kwa hiyo unaweza kupanda na kushuka saa nyingi kwenye matope ukiwafuata. Maporomoko hayahami. Ukiambiwa yako pale, utayakuta pale, na binti wa mwenyekiti ambaye bado yuko shule ya msingi anaweza kuja nawe.

Tulipanga kupitia ofisi ya parke mapema, tukaambiwa bei ya Mkongomani ni tofauti na ya mgeni, na kwamba kikundi kitapewa waongozaji. Siandiki bei hapa kwa sababu bei hubadilika, na mtu akifika na karatasi yangu mkononi atagombana na watu wa watu. Pigeni simu, ulizeni, andikeni.

Kuhusu gari nina maneno zaidi. Tulikodi minibasi nzima. Kwetu sisi, nzima maana yake ni nzima. Mwenye gari simtaji, na wala si yeye peke yake mwenye tabia hii. Asubuhi tulisubiri Nyawera mpaka wauza mkate wakatuzoea. Gari likaja, tukapanda, tukaimba, na kufika Mudaka dereva akasimama kumchukua baba mmoja mwenye tenga la kuku. "Mama, ni kidogo tu, anashuka pale Miti." Nikamwambia dereva: baba apande, hana kosa, lakini nauli yake inaingia kwenye hazina ya muso. Dereva akacheka akidhani ni mzaha. Baba wa kuku ndiye aliyeelewa haraka. Akahesabu franka zake, akanipa mimi, akaniomba hata risiti. Niliandika risiti. Kuku mmoja alimnyea mwenyekiti kwenye kitenge kipya, na hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Njia yenyewe ni ile ya kwenda uwanja wa ndege: Mudaka, Miti, Kavumu, halafu mbele unaacha barabara kubwa ya Goma na kupinda kushoto kuelekea Lwiro. Kuanzia hapo vumbi, au matope, ni shauri la majira. Binti alikuwa na simu yake, akawa anatusomea habari za parke kwa sauti: imeanzishwa 1970, ikapanuliwa 1975 mpaka ikafika karibu kilomita za mraba 6,000, 1980 UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia. Kila mwaka aliousoma, mama mmoja alidakia: huo niliolewa, huo Baba alinunua baiskeli. Alipofika 1997, parke kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hakuna aliyedakia. Mwaka ule na ule uliotangulia, miaka ya vita, hatuhitaji kusomewa.

Lwiro nitaipita haraka, ingawa inastahili safari yake yenyewe. Pale pana majumba makubwa ya utafiti yaliyoanza na taasisi ya Wabelgiji ya mwaka 1947, yenye bustani na matao, na unajiuliza nani alipandisha mawe yote yale huku juu. Tangu 2002 kuna pia kituo kinachotunza sokwe na nyani walionyang'anywa kwa wawindaji na wafanyabiashara. Sokwe peke yao wamepita 100. Tuliwasikia. Hatukuwaona, maana haikuwa kwenye bajeti, na mtunza hazina ndiye aliyekataa.

Maliza haja zako zote Lwiro. Nimeliandika hili kwa niaba ya mama mmoja aliyeniomba nisimtaje.

Tshibati iko juu ya Lwiro, ukingoni mwa msitu wa mlima, kwenye mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi, basi piga hesabu: sehemu kubwa ya kupanda unafanyiwa na gari. Hii ndiyo siri ya wepesi wa matembezi haya. Gari lilituacha pale lilipochoka, tukaanza kwa miguu kati ya mashamba ya maharage na migomba, watoto wakitufuata na kutuuliza kama tunakwenda kwenye misa. Ukigeuka nyuma, ziwa lote liko chini yako na kisiwa cha Idjwi kimelala katikati. Geuka mapema, kwa sababu baadaye miti inafunga kila kitu.

Walitungoja waongozaji wa parke, mmoja akiwa na bunduki. Nitasema wazi kwamba hapo kikundi chetu kilisinyaa. Sisi watu wa Kivu hatuangalii bunduki kama mtalii anavyoiangalia. Kijana yule aliona, nadhani si mara yake ya kwanza, akaishusha, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, "jambo mama, jambo mama", akatueleza kuwa ni kwa ajili ya wanyama na watu wabaya, na kwamba yeye atatembea mbele kabisa ili tusiione machoni muda wote. Mwenzake akakaa nyuma na wale wa polepole. Huduma ya namna hiyo haimo kwenye tikiti.

Kisha msitu. Mimi nilitegemea utaanza kidogo kidogo: kichaka, halafu miti michache, halafu mingi. Hapana. Shamba la mihogo linaisha na msitu unasimama palepale, kama mlango wa kanisa. Ukivuka, jua linabaki nje na sauti zinabadilika. Mama zangu ambao walikuwa wakipiga kelele tangu Mudaka wakaanza kuongea kwa chini bila kuambiwa na mtu.

Njia ni nyembamba, ya udongo, inapanda na kushuka kwa upole. Msitegemee ngazi za saruji wala kamba za kushikilia. Kuna mizizi inayovuka njia, kuna mahali maji yanachuruzika na kufanya utelezi, na hapo ndipo soli ya meno inapojilipa. Mama aliyekuja na kandambili, baada ya kuambiwa wazi, alitembea sehemu hizo akiwa amemshika mwongozaji kiwiko kama bibi harusi wakati sisi tukimpigia vigelegele. Mwenyekiti tulimkatia fimbo. Kila alipotaka kusimama alisimama, na kijana wa nyuma alikuwa akimwambia, "Mama, pole pole, hakuna mutu anatukimbiza." Nimetembea na watu wengi wa "ni hapa tu", wale ambao hapa yao huisha jioni. Huyu tulipomuuliza kama bado mbali alisema ukweli: bado kona ile, bado kijito, halafu mtasikia.

Pamoja nao alikuwa mzee mmoja mwenye panga, anayesafisha njia pale tawi lilipoanguka. Mtwa. Alikuwa haongei sana mpaka mama mmoja alipogusa jani lenye kuwasha na kuanza kupiga mayowe. Mzee akaingia hatua mbili msituni, akarudi na majani mengine, akayasugua mikononi mwake na kumpaka. Muwasho ukapungua, na kutoka hapo akina mama wakamganda kwa maswali. Hili la tumbo? Hili la mtoto asiyelala? Alijibu mengine, mengine alitabasamu tu, na haki yake. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema: "Baba yangu alizaliwa humu."

Humu, msituni. Watwa waliishi katika msitu huu mpaka walipotolewa parke ilipoanzishwa miaka ya 1970, na hawakupewa ardhi nyingine. Kesi yao ilifika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi uliowapa haki. Nilitembea nyuma ya mzee yule kwa muda nikiangalia panga lake linavyokwenda, nikiwaza kwamba nimekata tikiti ili niingie alikozaliwa baba yake. Sina la kuwashauri hapo. Ila mkienda na mkapewa mtu wa namna hii, msimwache atembee peke yake mbele. Mwongeleshe. Na kama kikundi chenu kina utaratibu wa kutoa asante, mkono wake usisahauliwe kwa sababu tu hana sare.

Tuliona nini njiani? Kima, walioruka juu ya vichwa vyetu na kututupia maganda. Majani ya mkangaga marefu kuliko mtu. Ndege ambaye akiwa ametua ni wa kijani-buluu wa kawaida tu, akiruka anafungua mabawa mekundu kabisa na kila mtu anasema aah. Mianzi hatukuikuta, tuliambiwa iko juu zaidi. Gorila hatukuwaona, wala hatukuwadai.

Siafu tuliwaona, au wao ndio walituona. Wanavuka njia kwa mstari mweusi. Mwongozaji alisema rukeni, msikanyage, msisimame. Mmoja wetu alisimama, kwa sababu alitaka picha. Baada ya muda mfupi alikuwa nyuma ya mti, sisi wengine tumemzunguka na vitenge vyetu tukiwa tumevitandaza, tukimtoa siafu mmoja mmoja huku akitaja watakatifu wote, na wanaume wa parke wamegeuka kutazama upande mwingine kwa adabu kubwa. Ingizeni suruali ndani ya soksi. Kwa anayevaa kitenge, vaa suruali ndani yake. Uzuri utauonyesha Jumapili.

Maji unayasikia kabla. Kwanza unadhani ni upepo, halafu unaona majani hayatikisiki. Halafu hewa inakuwa baridi, na unyevu unakukalia usoni, na njia inakushusha, na yako mbele yako: maji meupe yanaruka kutoka kwenye mwamba mweusi wenye ukoka wa kijani, yanapiga chini, yanajikusanya, yanaendelea na safari yake kati ya mawe kama hujaja.

Niseme ukweli kuhusu ukubwa. Ukienda ukitafuta Victoria, au yale ya Lofoi kule Katanga yanayoanguka zaidi ya mita 300, utarudi umenuna. Tshibati si ya kutisha. Ni maporomoko unayoweza kuyakaribia, ukaongea na mwenzako kando yake akakusikia ukiinua sauti kidogo. Mtu wa kwanza kuongea alikuwa yule mwenzetu anayeuza maji kwa bidoni, yaani madumu, mtaani kwake. Mnajua mitaa yetu: bomba linakauka siku, wiki, na watoto wanapanda vilima na bidoni za njano kabla ya shule. Alisimama mikono kiunoni, hakutoa simu, hakuchukua picha. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anahesabu.

"Bidoni ngapi hapo?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nimepoteza hesabu. Na hakuna foleni!"

Tulicheka mpaka kijana wa bunduki akaja kuuliza kuna nini. Lakini kicheko kilikuwa na uchungu ndani, na tulibaki tumekaa hapo kwenye mawe tukibishana jambo ambalo sikutegemea kubishana siku ya matembezi: maji haya yanakwenda wapi, kama kwetu hayafiki? Binti akafungua ramani aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu. Mteremko huu unaangalia mashariki, basi yanashuka mpaka Ziwa Kivu. Maji ya ziwa yanatoka Bukavu, kwa mto Ruzizi, pale mpakani tunapovuka kwenda kununua bidhaa. Ruzizi inayapitisha kwenye mitambo ya umeme, ule wa kwanza wa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wa pili wa 1989, halafu inateremka bonde zima mpaka Uvira, ndani ya Tanganyika. Tanganyika inatokea Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba ndiyo mto Kongo wenyewe, mpaka Kisangani, mpaka Kinshasa, mpaka bahari ya Atlantiki. Na mvua ikinyesha upande wa pili wa mlima, wa magharibi, nayo inaishia Kongo hiyohiyo, ila kwa njia ya mkato.

"Kwa hiyo," akasema muuza maji, "yanapita mjini kwetu, yanatengeneza umeme ambao unakatika saa ya kupika, yanakwenda Kinshasa." Hakuna aliyeongeza neno. Mwongozaji alisema siku nyingine angependa tuje kuwaeleza hayo wanafunzi, na mwenyekiti, ambaye hapotezi nafasi, akamuuliza kama tikiti itakuwa ya bure.

Kuogelea hapana. Mawe yaliyo karibu yana utelezi, na maji ni ya baridi ya mlimani, ya kukukata pumzi. Unaweza kunawa miguu pale watakapokuonyesha, na hilo peke yake lilinipa thamani ya pesa yangu. Tulivua viatu, tukaingiza miguu, na nikaona akina mama ninaowajua kwa miaka, wenye madeni ninayoyajua mpaka franka ya mwisho, wanarushiana maji kama wasichana.

Chakula tulibeba wenyewe: sambaza za kukaanga, bugali ya mihogo iliyofungwa kwenye majani ya mgomba, avoka, na ndizi. Sambaza ndizo chakula sahihi cha safari, hazivuji, hazioneshi aibu zikipoa. (Muuza samaki wetu ana desturi ya kumkumbusha kila mtu kwamba hata sambaza ni wageni ziwani, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, basi tusijivune sana.) Kabla ya kula waongozaji walituambia kila kilichoingia na sisi kitoke na sisi. Majani ya mgomba, maganda, chupa, vyote tulirudi navyo ndani ya mfuko. Wakati tunakusanya walifika vijana fulani wa mjini na spika ndogo, muziki juu. Mwongozaji wao akawaomba wazime. Mmoja akauliza kama maporomoko yanasinzia. Nilitaka kumjibu mimi, nikaacha, maana muziki ulizimwa na msitu ukarudi mahali pake.

Mvua ilitukuta wakati wa kurudi, kama magoti ya mwenyekiti yalivyokuwa yamesema tangu Kavumu. Njia ileile iliyokuwa nyepesi ikawa nzito kiasi. Nyepesi haina maana ya kavu. Kwa wenye wazee au watoto wadogo, Juni mpaka Agosti njia ina afadhali, lakini maji nayo hupungua. Kuanzia Septemba maji yanajaa na matope yanajaa pamoja nayo. Sisi tulikwenda mvua zikiwa zimeanza, na kama ningepewa kuchagua tena ningechagua hivyohivyo, kwa koti la mvua na si kwa mwavuli. Mwavuli msituni ni kugombana na kila tawi.

Ambacho sikukipenda: ukishafika, ukishakaa, ukishapiga picha, hakuna kingine cha kufanya. Mtu anayechoshwa na utulivu atakuwa anaangalia saa, na tulikuwa na mmoja wa namna hiyo. Picha zenyewe hazitoki vizuri, kivuli ni kingi na maji ni meupe mno. Kati ya zote za muso, iliyo safi ni ile ya siafu, ambayo imekatazwa kuonyeshwa. Mtandao wa simu unapotea njiani, waambieni nyumbani kabla. Na ukilinganisha, gari lilitula pesa nyingi kuliko msitu. Hilo liangalieni: tafuteni gari kwanza, pataneni bei kwa maandishi, na kwenye karatasi muweke mstari unaosema hakuna abiria wengine, hata awe na kuku mmoja.

Kuhusu usalama mnajua kama mimi. Huku kwetu jana si leo. Usipange kwa habari ya mwezi uliopita. Uliza ofisi ya parke, uliza watu wa Kavumu na Katana, na asubuhi ya safari uliza tena. Wakisema hapana, rudisha pesa za watu na ule sambaza zako nyumbani. Tulikuwa tumeshaahirisha safari kabla ya hii, na hakuna aliyelalamika, hata wale wawili.

Vikundi vikubwa sana havifai. Njia ni ya mtu mmoja mmoja, na mkiwa msururu mrefu wa mbele wanakuwa wameshakula wakati wa nyuma bado wanavuka kijito. Muso nzima ya kawaida inatosha. Tulitoka Nyawera jua ndilo linachomoza, na tuliporudi giza lilikuwa limeingia, wengine wakatafuta moto, yaani pikipiki, za kwenda Panzi na Bagira na matope mpaka magotini, motari wakidai nauli ya juu kwa ajili ya kuosha viti. Kwa hiyo mwenye duka la kufungua jioni ile asijidanganye, na mwenye mtoto mdogo nyumbani aache chakula cha siku nzima.